Mwezi wa Majani, Mwezi wa Matunda, Mwezi wa Karanga

Pale Ilomba, Mbeya, nilipopanga chumba walikuwa wananiita Nesi Pilipili, na wala sikuwalaumu. Nina mdomo. Mama yangu kule Kalenga, Iringa, anasema nilianza kugomba kabla sijaota meno. Nayataja haya mapema ili usije ukafika katikati ya habari za Mbuke ukaanza kuniona mtu mwema. Nilikuwa na haraka, nilikuwa mkali, na kwa mambo hayo mawili mama wa watu alikwisha.

Mbuke Seni alikuwa Msukuma wa Maswa. Mumewe, Malimi, alikuwa mfugaji, na mwaka 1969 alisikia kwamba huku Usangu kuna majani hadi kifuani na maji yasiyokauka. Wakaondoka. Ng'ombe mia na ushee, watu wanane, na Mbuke nyuma yao na mtoto mgongoni. Walitoka Maswa wakapita Tabora, wakakata mapori ya Rungwa, wakatokea Chunya, wakateremka hadi mbuga ya Usangu. Miezi minne kwa miguu! Viatu vyake vilikatika Tabora akavitupa, akaendelea peku.

Safari hiyo alinihadithia zaidi ya mara moja. Kila akifika mahali pa viatu anajipiga mapaja kwa viganja na kusema, "Miguu hii, mwanangu! Miguu hii unayoiona!" Wagonjwa wengine kwenye benchi wanacheka, na yeye anacheka kuwashinda wote. Kujivunia uso hakujivunia, wala watoto, wala mali ya mumewe. Alijivunia miguu.

Usangu ikawapokea vizuri. Ng'ombe wakazaana, mpunga ukakubali, Malimi akaezeka nyumba ya bati. Siku bati lilipopanda alimwambia mkewe, "Sasa basi, jembe uliache. Umetembea vya kutosha." Akamkalisha. Maziwa asubuhi, wali wa samli mchana, ugali mweupe na nyama jioni, chai ya sukari vijiko vitano, na soda akitaka, kwa sababu soda kwa kreti ilikuwa inashushwa pale kwake na lori la mpunga. Mwaka wa njaa, 1974, sisi wa mjini tulipokuwa tunapanga foleni kwa unga wa yanga, ule wa njano, Mbuke aliuona sokoni akauliza kama ni wa kuku. Kwake haukuingia. Mboga za majani nazo aliziacha, maana kwa mke wa mtu mwenye ng'ombe mia tatu kuonekana anachuma majani ya kunde ingekuwa aibu ya Malimi.

Akanenepa. Wanawake wenzake wakamsifu kwamba katunzwa, na kweli katunzwa. Malimi alikuwa akienda naye mnadani ili watu wamwone. Mzani wetu wa kliniki uliishia kilo mia na ishirini, na siku ya kwanza alipopanda sindano iligonga mwisho ikabaki pale pale. Akaniuliza kama ameshinda.

Alikuja kwetu Juni 1975. Alikuwa amekanyaga mwiba kwenye unyayo wa kulia, na hakuusikia. Hebu fikiria, mwiba wa Usangu, mrefu kama kidole, unaingia na mtu hasikii! Aliugundua siku ya tatu alipoona damu kwenye ngozi ya kulalia. Alipofika Mbeya kidonda kilikuwa na upana wa kifuniko cha chupa, na mkojo wake tulipoupima ukajaa sukari. Mguu hauna hisia, damu haifiki vizuri, mwili mzito unaukandamiza kila hatua.

Daktari wetu, Asukile, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyesoma Ulaya miaka saba, alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaniita pembeni.

"Rozalia, nampa miezi mitatu. Kidonda kikifunga, Mungu mkubwa. Kisipofunga, nakata mguu chini ya goti, kabla haujaoza wote."

Daktari Asukile alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe, ugonjwa wa kusoma. Magazeti ya kitabibu yakimfikia, hata ya mwaka juzi, anayasoma mpaka chai inapoa. Siku ile alichukua karatasi ya kufungia dawa akanichorea. Akasema kuna wenzetu wameanza kuandika kwamba mwili mnene wenye sukari nyingi unaota kutu ndani kwa ndani. Mafuta ya mwilini yanachacha yakiwa humo humo, na kidonda kwenye mwili wa namna hiyo hakipati nafasi ya kupona. Vidonge vya sukari vinasaidia, lakini kutu havikung'uti. Chakula ndicho kina vitu vya kuizuia.

"Sasa sikiliza hapa, ndipo watu wanapokosea," akasema, akichora duara tatu. "Karanga zina kitu kinachopokea pigo la kutu. Kikishapokea, kinachoka, hakifai tena. Kile cha mapera na machungwa kinakuja kukiamsha, kirudi kazini; hicho nacho ukikianika juani kinakufa. Na cha kwenye majani, ile rangi yake, hakipenyi tumboni bila mafuta kidogo, kama hayo ya karanga. Vinapokezana. Kimoja peke yake ni bure, kinaweza hata kuharibika kikawa mzigo. Wanabishana bado, mimi mwenyewe sina uhakika wa yote. Lakini hakuna madhara, mpe."

Nilielewa. Tena nilielewa vizuri sana, kwa sababu kwetu Uheheni majani ya maboga bila karanga hayaitwi mboga, na tunda unapewa ukishanawa mikono. Nikaona daktari amesafiri hadi Ulaya kujifunza sahani ya mama yangu. Nilicheka moyoni.

Nikarudi kwa Mbuke. Kliniki ya Jumanne ilikuwa na watu arobaini kwenye benchi na mimi peke yangu, mwenzangu Verediana alikuwa wodini. Nikamwambia haraka haraka: ugali kidogo, samli acha, soda acha kabisa, sukari acha. Ule mboga za majani, ule matunda, hasa mapera, ule karanga. Hivyo vitatu ndivyo dawa yako. Urudi baada ya miezi mitatu. Usipokula, mguu unakatwa.

Neno "unakatwa" lilimfika. Akaushika ule mguu kwa mikono yote miwili.

"Nitakula, mwanangu. Hata ukiniambia nile mchanga nitakula. Lakini hizi dawa tatu..."

"Mayu!" nikamkata. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, nilikuwa nimejifunza kwao. "Fanya nilivyosema, basi! Wenzako wanasubiri!"

Akachukua kadi yake na vidonge, akaondoka akichechemea, Malimi amemshika kiwiko. Swali lake likaishia hapo, na mimi nikaita jina la pili.

Katikati ya miezi ile nilikwenda Iringa kwenye harusi ya kaka yangu Danieli. Ruhusa ilikuwa ya wiki moja, nikakaa mbili. Kulikuwa na ulanzi mwingi, ile pombe ya mianzi, ngoma, ndugu ambao sijawaona tangu utoto, nikajisemea kazi haikimbii. Niliporudi Verediana akaniambia kuna mama mmoja mnene wa Kisukuma alikuja kunitafuta, akakaa kwenye benchi kutwa nzima, akaambiwa nimesafiri. Alikataa kuonwa na mtu mwingine. Alisema dawa alipewa na Rozalia, na swali atamuuliza Rozalia.

"Alikuwa na swali gani?"

"Hakusema. Si unawajua wagonjwa wako, wanakung'ang'ania kama kupe."

Tukacheka. Jamani, tulicheka kabisa.

Alirudi mwishoni mwa Septemba, siku aliyoambiwa, hakuchelewa hata siku moja. Nilimwona akiteremshwa kwenye lori na wanaume watatu. Alikuwa amepungua, nguo zinampwaya mabegani, uso umekuwa wa kijivu. Lakini alikuwa anatabasamu. Alipokaa tu kwenye benchi akaanza kunihesabia kwa vidole kama mtoto aliyefanya kazi zote za shule.

"Soda sijagusa. Sukari sijagusa. Samli hata harufu yake naikimbia, muulize huyu. Mwezi wa saba nikala majani. Majani tu, mwanangu, na ugali kiasi cha ngumi. Mwezi wa nane nikala mapera. Mwezi wa tisa karanga. Sijaruka hata siku."

Nikamwuliza ana maana gani, majani mwezi wa saba.

Akanishangaa. Akanieleza polepole, yeye ndiye akinifundisha mimi. Kwao, mtu akipewa dawa tatu hazichanganyi. Mama yake alikuwa mjuzi wa mizizi, watu walikuwa wanatoka mbali kumfuata, na ndivyo alivyomlea: dawa moja unaipa nafasi mwilini, inafanya kazi yake, inamaliza, inaondoka, ndipo unaingiza nyingine. Ukichanganya zinapigana na mgonjwa ndiye uwanja. Mimi nilimwambia vitu vitatu ndivyo dawa, na nikampa miezi mitatu. Akagawa. Mtu yeyote wa kwao angegawa.

Na kwa kuwa ilikuwa kiangazi, majani aliyavuna mapema mashambani kwa watu, yeye asiyechuma majani, akayachemsha, akayaanika juani wiki nzima, nsansa ya Kisukuma, ya kuweka. Mapera yalikuwa yanakwisha msimu, akayakata vipande akayaanika juu ya jiwe vile vile, kama wanavyofanya viazi. Alihakikisha hakitapungua kitu.

"Nilikuja kukuuliza," akasema. "Nilitaka kujua kama karanga zitangulie matunda au zifuate. Hukuwepo. Nikaona zifuate. Nilikosea?"

Nikainama nikafungua bandeji, nipate pa kuficha uso. Harufu ilinijibu kabla ya macho. Kidonda kilikuwa kimekula hadi mfupa na vidole viwili vilikuwa vyeusi.

Daktari Asukile aliukata Alhamisi, chini ya goti kama alivyosema.

Nilimfuata ofisini kwake jioni ile nikamweleza yote, la swali nililolikata, la harusi, la miezi. Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya wanaume. Nilitaka anigombeze. Ningeshukuru kama angenipiga. Akavua miwani akaiweka mezani.

"Sijui, Rozalia. Huenda angekula vyote pamoja na mguu tungeukata hata hivyo. Kilikuwa kidonda kibaya tangu siku ya kwanza. Huenda usingekatwa. Hakuna atakayekuambia." Kisha akasema, "Ila bado ana mguu mmoja. Kamwambie ukweli, ale inavyotakiwa. Huo nao una dalili."

Nikaenda wodini. Nakwambia nilikwenda kabisa kwa nia ya kusema. Mbuke alikuwa amelala chali, shuka imeinuka upande mmoja na upande mwingine imelala bapa. Hakulia. Alikuwa anapapasa pale bapa kwa kiganja, taratibu, kama anasawazisha kitanda. Aliponiona akaninyooshea mkono.

"Mwanangu, niambie. Nilikosea mahali? Ni zile karanga?"

Nikamwangalia. Maneno yalikuwa mdomoni tayari: mayu, ilikuwa uvile pamoja, sahani moja, na aliyekosea ni mimi. Nikawaza atakavyonitazama. Nikawaza Malimi aliyekuwa amekaa chini karibu na kitanda, na fimbo yake. Nikawaza kazi yangu pia, nisikudanganye. Niliogopa, basi. Mimi Nesi Pilipili, ninayewagombeza wakuu wa idara, niliogopa mama aliyekatwa mguu.

"Hukukosea kitu, mayu," nikasema. "Ulifanya vizuri sana. Ni ugonjwa tu."

Akashusha pumzi. Uso ulimlegea, akawa kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akamwambia mumewe kitu kwa Kisukuma, na Malimi akanipa mkono wake wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, kwa heshima.

Nilijiambia nitamweleza siku ya kutoka. Siku ya kutoka ilikuwa Jumapili, mimi nipo kanisani, lori likamchukua. Nikajiambia nitamweleza akija kliniki. Hakuja. Usangu ni mbali kwa mtu wa mguu mmoja, na vidonge Malimi alikuwa anamtuma mtu kuchukua. Ningeweza kuandika barua. Ningeweza kupanda lori. Mwaka mzima na zaidi ulipita hivyo hivyo, kila Jumanne naita majina, na lake naliona kwenye daftari naruka mstari.

Mei 1977, Malimi alikuja mwenyewe.

Sikumtambua mara moja. Tumbo lilikuwa limemtangulia, na macho yalikuwa yamechoka. Alikaa kwenye benchi lile lile, na zamu yake ilipofika akaingia, akakaa, akaweka kofia yake magotini.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu Kisukuma, akiniita mama mimi niliye sawa na binti yake.

"Mwangaluka, mzee. Mbuke hajambo?"

"Tulimzika mwezi wa nne."

Akanieleza bila kupandisha sauti. Mguu wa kushoto ulianza mwaka jana, Agosti. Yeye alimwomba aje Mbeya, Mbuke akakataa. Alisema dawa anaijua, nesi wake alimfundisha, na nesi alimthibitishia kwamba hakukosea, ni ugonjwa tu ndio ulikuwa umetangulia. Safari hii ameuwahi. Akaanza upya: mwezi wa majani, mwezi wa matunda, mwezi wa karanga. Vilipokwisha akarudia. Alikuwa anakula akihesabu siku kwa mafundo kwenye kamba. Mpaka wanamkuta asubuhi mwili umekwisha poa alikuwa hajaruka siku hata moja.

"Alikufa ana moyo," Malimi akasema. "Alikuwa akiwaambia wanawake wote pale kijijini, Rozalia wa Mbeya ndiye mtu aliyenieleza kitu nikakielewa. Nimekuja kukushukuru kwa hilo. Na pia nimekuja kwa ajili yangu." Akavua kiatu. Kwenye kidole gumba palikuwa na lengelenge jeusi. "Nimepimwa hapo nje, wameniambia ni sukari. Sasa nikuulize, mayu. Mimi nianze na mwezi upi?"

Nje watu walikuwa wanakohoa. Nikajua kwamba nikimjibu kweli atajua, na nikimjibu uongo nitamzika na yeye. Nashukuru kwa hili moja, kwamba safari hii sikufikiri sana.

"Hakuna miezi, mzee," nikasema. "Majani na karanga kwenye chungu kimoja, mabichi, yasianikwe. Tunda ukimaliza kula, hapo hapo. Vyote siku moja, sahani moja, kila siku. Kimoja peke yake hakifai kitu."

Alikuwa anatikisa kichwa akinifuata, kama mtu anayehifadhi maelekezo ya njia. Kisha kichwa kikasimama.

"Na Mbuke," akasema, "ulimwambia hivi?"

"Hapana."

"Siku ile wodini, alipokuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakunigombeza. Nilikaa nikisubiri, hata fimbo ningeipokea, lakini hakuinua kitu. Alivaa kiatu chake taratibu, kile cha kidole kibovu, akakifunga kamba vizuri. Kadi yake mpya niliyokuwa nimemwandikia aliiacha mezani. Akatoka akipita katikati ya watu bila kuaga, na kwa Msukuma mtu mzima kuondoka mahali bila kuaga si jambo dogo.

Niliita jina lake Jumanne iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Malimi Maganga. Malimi Maganga. Benchi zima linageuka kutafuta ni nani, halafu wananigeukia mimi.